Joto Lisiloonekana

Mama yangu alikuwa muuza chai, maandazi na githeri katika kibanda cha mabati kilichosimama kando ya barabara iendayo Namanga, mjini Kitengela. Kwa sufuria mbili na jiko moja la makaa alinilisha, akanivisha na kunilipia karo. Watu wengi huanza kujifunza maumbile ya vitu katika vitabu. Mimi nilianza mbele ya jiko lile, ingawa sikujua kuwa lilikuwa mwalimu wangu. Habari ninayotaka kuisimulia ni ndogo kwa kuitazama, lakini imekaa moyoni mwangu kwa zaidi ya miaka 20, na katika mkono wa mama imeacha alama isiyofutika.

Githeri, kama ajuavyo kila mwanafunzi aliyepata kulala bweni, ni mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Chakula hiki hakina haraka. Huweza kukaa motoni saa tatu au zaidi, na mpishi hana budi kukaa nacho kama mlezi akaavyo na mtoto mgonjwa. Siku moja ya Jumamosi, mwaka 2004, nilipokuwa katika kidato cha tatu, mama aliniachia sufuria ya githeri niilinde wakati yeye alipokwenda sokoni. Nyuma ya vibanda wenzangu walikuwa wakicheza mpira, na kelele zao ziliniita. Nikawaza kwamba moto ukizidi chakula kitaiva upesi, na chakula kikiiva upesi nami nitakuwa huru. Basi nikalijaza jiko makaa mpaka juu, nikalipepea, nikaifunika sufuria na kuweka jiwe juu ya kifuniko ili kisiruke. Maji yakatokota kwa kishindo. Nikajiona mwerevu, nikaenda zangu uwanjani.

Mama alirudi kabla yangu. Alipoliondoa jiwe na kukiinua kifuniko, kama alivyoinua vifuniko maelfu ya mara, mvuke uliokuwa umebanwa ndani ulitoka kwa pamoja, ukaukumba mkono wake wa kulia tangu kiganja mpaka karibu na kiwiko. Alipiga ukelele mmoja tu. Nilipofika mbio nilimkuta ameketi juu ya ndoo, amefumba macho. Majirani walijaa huruma lakini hawakuwa na maarifa: mmoja alikuja na mafuta ya kupikia, mwingine na dawa ya meno. Bahati njema alikuwapo bibi mmoja mzee aliyewakataza wote, akaumiminia mkono ule maji safi ya baridi, kikombe baada ya kikombe, kwa muda mrefu, mpaka tulipopata gari la kutupeleka zahanati. Nimekuja kujua baadaye kuwa hiyo ndiyo huduma ya kwanza iliyo sahihi kwa mtu aliyeungua: maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, si mafuta, wala si dawa ya meno.

Kibanda kilifungwa kwa majuma matatu. Karo ya muhula ule haikulipwa kwa wakati, na deni la unga na makaa likapanda. Mama hakuniuliza ni nani aliyelijaza jiko, wala ni nani aliyeweka jiwe. Alijua. Mimi nami sikusema neno, na kimya kile kilinichoma kuliko maneno yoyote ambayo angeweza kuyasema. Lakini pamoja na aibu palikuwa na swali lililoninyima usingizi. Maji ya moto yalikuwa yamenirukia mara nyingi, nilijifuta, nikasahau. Mvuke ni kitu chepesi, mfano wa ukungu wa asubuhi katika mbuga za Athi. Iliwezekanaje kitu chepesi kama kile kuunguza nyama ya mtu kuliko maji yenyewe yaliyokizaa?

Jibu nililipata mwezi uliofuata, tena kwa njia ya aibu nyingine.

Shule yetu ilikuwa ya kutwa, na maabara yake ilikuwa na vifaa vichache. Siku hiyo mwalimu wa fizikia alileta barafu, akaiponda na kuigawa katika vyombo vya kioo. Kila kundi lilipewa chombo kimoja, taa ya kupashia moto, kipimajoto na saa. Kazi yetu ilikuwa kuipasha barafu moto polepole mpaka iwe maji, kisha kuyapasha maji mpaka yachemke, huku tukiandika kipimo cha joto kila baada ya dakika moja.

Nilikuwa na hakika ya matokeo kabla ya kuanza. Kitu kikitiwa moto hupata joto; kikizidishiwa moto huzidi joto. Nani asiyejua hilo? Tena kitabu kilisema kuwa maji huchemka katika digrii 100. Lakini kipimajoto chetu kilikataa kuifuata akili yangu. Barafu ilikuwa ikiyeyuka mbele ya macho yetu, moto ukiwaka chini yake, na zebaki imesimama penye 0. Dakika ya kwanza, 0. Ya pili, 0. Ya tatu na ya nne, 0. Nikadhani kipimajoto ni kibovu. Baadaye zebaki ikaanza kupanda, nami nikafurahi. Lakini ilipofika 95 ikasimama tena, na maji yakatokota bila ya zebaki kusogea hata kidogo. Mwenzangu alitaka tuandike tulichokiona. Nilimkataza. Nilichukua kalamu nikaandika safu nzuri ya tarakimu zilizopanda bila ya kituo, tangu 0 mpaka 100 kamili, nikachora mstari ulionyooka kama reli, nikapeleka daftari.

Mwalimu aliutazama ule mstari, akanitazama mimi, kisha akauliza kwa upole, "Maji haya uliyachemshia Mombasa?"

Darasa zima lilicheka, nami sikuelewa mzaha ulikuwa wapi. Mwalimu hakunipiga wala hakunitoa nje. Aliniambia nibaki baada ya masomo nilirudie jaribio peke yangu, naye akaketi karibu nami akisahihisha madaftari. "Andika unachokiona," alisema, "hata kama kinakuudhi." Nikaandika: 0, 0, 0, 0, 0. Nikaandika tarakimu za kupanda. Nikaandika: 95, 95, 95, 95. Nilipomaliza kuchora, mstari wangu haukuwa reli tena. Ulikuwa kama ngazi yenye vidato viwili vipana.

"Sasa niambie," mwalimu alisema, "katika vidato hivi viwili taa yako ilikuwa imezimika?"

"La, Mwalimu. Ilikuwa ikiwaka."

"Basi joto lake lilikwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Mwalimu alikuwa mwenyeji wa Kajiado, mtoto wa wafugaji, akanieleza kwa mfano alioujua tangu utoto wake. Kila kitu, alisema, kimefanywa kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, na chembe hizo hazitulii kamwe. Katika barafu zimekaa kama ng'ombe waliofungiwa zizini usiku: kila mmoja ana mahali pake, bega kwa bega, lakini hawaachi kutikisa masikio na kubadili miguu. Katika maji ni kama kundi liendalo malishoni: bado wamekaribiana, lakini huyu humpita yule, na kundi zima hufuata umbo la njia. Katika mvuke ni kama ng'ombe waliotawanyika katika mbuga nzima, kila mmoja mbali na mwenzake. Hizo ndizo hali tatu: hali yabisi, hali ya majimaji na hali ya gesi. Chembe ni zile zile. Kinachobadilika ni jinsi zinavyoshikana.

Kisha akaendelea. Nishati iliyomo ndani ya kitu imewekwa katika mifuko miwili. Mfuko wa kwanza ni mwendo wa chembe. Kadiri chembe zinavyokwenda kwa kasi ndivyo kitu kinavyokuwa cha moto, na huo ndio mfuko ambao kipimajoto huweza kuupima. Mfuko wa pili ni utengano wa chembe. Chembe huvutana, kuzitenganisha ni kazi, na kazi hiyo hutaka nishati. Barafu inapoyeyuka, joto lote linaloingia hutumika kulifungua zizi. Maji yanapochemka, joto lote linaloingia hutumika kulitawanya kundi. Mwendo wa ng'ombe hauongezeki, na kwa sababu hiyo zebaki haisogei. Lakini mchungaji anatoka jasho. Joto la namna hii, lisiloonekana katika kipimajoto, huitwa joto fichwa.

Niliuliza ni nani aliyeligundua. Mwalimu akanitajia jina la Joseph Black, daktari na mwalimu wa kemia aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Glasgow, huko Uskoti, miaka ya 1760. Bwana huyo alitazama theluji ya nchi yake akafikiri hivi: lau theluji ingegeuka maji yote mara tu joto linapofika kiwango cha kuyeyusha, mafuriko yangeiharibu nchi kila mwisho wa baridi. Lakini theluji huyeyuka polepole, siku nyingi, kwa kuwa inadai joto jingi kabla ya kukubali kuwa maji. Black aliyaona hayo kwa sababu alitazama kwa subira jambo ambalo kila mtu aliliona na kulipita.

Nami nilikuwa nimelipita. Zaidi ya hayo, nilikuwa nimeandika uongo juu yake. Mwalimu alinieleza kuwa digrii 100 za kitabu ni za pwani. Hewa ina uzito, na uzito huo huukandamiza uso wa maji na kuzizuia chembe zisitoke. Mahali palipo juu hewa iliyo juu yetu ni chache, uzito wake hupungua, na maji huchemka kabla ya kufika 100. Kitengela iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa hiyo maji yake huchemka karibu na digrii 95. Kipimajoto nilichokiita kibovu kilikuwa kikisema kweli juu ya mji wangu mwenyewe, na mimi nilikisahihisha kwa kitabu kilichozungumza juu ya mji mwingine.

Ili nisijione kuwa wa kwanza kupewa mtihani huo, mwalimu alinisimulia habari ya kijana wa Tanganyika, Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba, Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Kwa hofu ya kukosa nafasi katika jokofu, aliyaweka ndani maziwa yake yakiwa bado ya moto. Baadaye akaona yameganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu aliambiwa kuwa amechanganyikiwa, na wenzake walimcheka. Hata hivyo hakuyakana macho yake. Alipokuwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dr Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, ambaye alikwenda akalijaribu jambo hilo. Na mwaka 1969 wawili hao walilichapisha. Jambo hilo sasa linajulikana ulimwenguni kwa jina la Mpemba, na wataalamu wangali wakibishana juu ya sababu zake na juu ya hali ambazo huweza kutokea. Mpemba aliona kitu kisichokubaliana na kitabu, akakisema. Mimi niliona kitu kisichokubaliana na kitabu, nikakifuta. Tofauti hiyo niliihisi sana jioni ile.

Nilipokuwa nikikusanya vyombo, swali langu la mkono wa mama lilirudi, na safari hii lilikuja na jibu lake. Nilimwomba mwalimu tarakimu, naye akaniandikia. Kuyapasha maji ya kilo 1 tangu digrii 20 mpaka 95 hutaka kiasi cha kilojuli 315. Kuyageuza maji hayo hayo yote kuwa mvuke, bila ya kuyaongezea hata digrii moja, hutaka kiasi cha kilojuli 2,260, yaani zaidi ya mara saba. Joto hilo halipotei. Linakaa ndani ya mvuke, katika ule mfuko wa pili, likingoja. Mvuke unapogusa kitu kilicho baridi, kama ngozi ya mtu, hugeuka tena kuwa maji, chembe hukaribiana, na joto lote lililofichwa hurudishwa papo hapo. Maji ya moto yakigusa ngozi hutoa joto la kupoa tu. Mvuke hutoa joto la kugeuka kwanza, kisha joto la kupoa. Na jumla yake, kwa uzito ule ule, hufika kiasi cha mara kumi ya joto la maji ya moto.

Nilikaa kimya nikiitazama karatasi ile. Makaa yote niliyoyatia jikoni siku ile hayakuiivisha githeri hata kwa dakika moja zaidi. Maji yalikuwa yamekwisha kuchemka. Yasingeweza kuzidi digrii 95 hata ningelijaza jiko mara mbili. Joto la ziada liliingia katika mvuke, likajificha, likamngoja mama.

Usiku ule nilimweleza mama yote. Nilianza na barafu na kipimajoto, maana mwanzo huo ulikuwa rahisi, lakini nilipofika kwenye tarakimu 95 nilishindwa kuendelea, nikamwambia tu, "Mama, mimi ndiye niliyelijaza jiko, na mimi ndiye niliyeweka jiwe. Nisamehe." Mama aliutazama mkono wake, ambao ulikuwa bado na kitambaa, kisha akasema, "Nilijua ni haraka yako, mwanangu. Lakini sikujua kuwa haraka yenyewe ilikuwa imejificha mle ndani." Hakusema zaidi. Akaniambia nimweleze tena habari ya ng'ombe.

Tangu siku hiyo mapishi yetu yalibadilika. Mahindi na maharagwe yalilowekwa usiku kucha. Sufuria ilipochemka, mama alipunguza makaa mpaka maji yakawa yanatokota kidogo kidogo, kwa kuwa maji yanayotokota polepole na maji yanayotokota kwa kishindo yana joto lile lile, na chakula huiva kwa muda ule ule. Debe la makaa lililotutosha siku mbili likaanza kutufikisha siku ya tatu. Faida ile iliingia katika karo yangu; na kwa kuwa makaa mengi ya kwetu hutoka katika migunga ya Kajiado, naamini kuna mti mmoja au miwili iliyosimama zaidi kwa sababu ya darasa lile.

Mwalimu hakuniachia hapo. Aliposikia kuwa nakwenda kumwona nyanya yangu mjini Kajiado, kiasi cha kilomita 50 kutoka kwetu kwa njia ya Isinya, alinifungia kipimajoto katika kitambaa na kuniagiza nipime maji yakichemka kule. Kajiado iko juu kuliko Kitengela kwa mita mia na kitu. Niliyachemsha maji katika jiko la nyanya, nikatumbukiza kipimajoto, nikainama nikasoma. Zebaki ilisimama juu kidogo ya 94. Nilipima mara tatu, na mara zote tatu ilisimama pale pale. Ilikuwa nusu digrii tu chini ya Kitengela, na shetani wa tarakimu nzuri aliniambia niandike 95, kwa maana nani angejua? Niliandika nilichokiona. Mwalimu alipoisoma karatasi ile alitikisa kichwa kwa furaha akasema, "Hii nusu ndiyo mlima." Naye alikuwa na haki: katika nusu ile ndogo ulikuwamo mwinuko wote wa barabara ya kutoka Kitengela mpaka Kajiado. Mtu akipanda mpaka kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, maji yatamchemkia kiasi cha digrii 80 tu, na githeri yake itamwadhibu.

Kwa nyanya nilijifunza jambo la pili. Jua lilikuwa kali, lakini maji ya mtungi wake wa udongo yalikuwa ya baridi. Udongo wa mtungi una vijitundu visivyoonekana. Maji hupenya polepole mpaka nje, na hapo hugeuka mvuke bila ya kuchemka. Chembe zinazoondoka huchukua joto la safari yao kutoka katika maji yaliyobaki, na maji yaliyobaki hupoa. Jasho la mwili hufanya kazi hiyo hiyo. Nilikunywa nikawaza: joto fichwa lililomchoma mama ndilo lililonipoza koo. Nguvu ni moja. Linaloitenga baraka yake na balaa yake ni maarifa ya mtu aliye karibu nayo.

Miaka imepita, nami nimetembea sehemu nyingi za Kajiado nikiwa na macho yale mwalimu aliyonipa. Nimefika Ziwa Magadi, chini katika Bonde la Ufa, mahali penye joto kali. Chemchemi za moto huingiza ndani ya ziwa maji yenye magadi, na ziwa halina mto wa kuyatoa. Mlango wa kutokea ni mmoja tu: hewani. Jua huzitenga chembe za maji kutoka katika kundi lao, siku baada ya siku, na magadi yasiyoweza kuruka hubaki yameganda kama uwanja mweupe. Tangu mwaka 1911 kampuni imeyachimba magadi hayo, na reli ya kuyatoa hupita mjini Kajiado kwenda Konza. Magadi hayo ndiyo ambayo wapishi wengi hutia katika githeri ili mahindi yalainike. Nayo maji yaliyoondoka hayakwenda bure. Yalichukua joto la jua likiwa limefichwa. Yakigeuka tena matone huko juu hulirudisha, na joto hilo ndilo linalolisukuma wingu la mvua lipande zaidi. Mfugaji anayetazama mbingu wakati wa kiangazi anangoja joto fichwa la mahali pengine lifunguliwe juu ya malisho yake.

Nimefika Loitokitok pia, nikautazama Kilimanjaro alfajiri kabla ya mawingu. Johannes Rebmann alipoiona theluji yake mwaka 1848 na kuandika habari zake, baadhi ya wataalamu wa Ulaya walikataa kuamini kwamba theluji inaweza kuwako karibu na ikweta. Walikuwa na kitabu. Rebmann alikuwa na macho. Sasa barafu ile inakwisha. Watafiti walipolinganisha ramani ya mwaka 1912 na hali ya mwaka 2007 waliona kuwa kiasi cha asilimia 85 ya eneo lililofunikwa na barafu kimetoweka. Tena sehemu kubwa ya barafu ya kileleni haiyeyuki kuwa maji. Katika hewa ile kavu na baridi hutoka katika ugumu ikaingia moja kwa moja katika mvuke, kama ng'ombe walioruka ukuta wa zizi bila ya kupita mlangoni. Safari hiyo ni ghali: hutaka joto zaidi ya mara nane ya lile la kuyeyusha. Lakini jua la juu kule hulipa gharama hiyo kila siku, na hewa kavu, isiyoleta theluji ya kutosha, hairudishi kilichochukuliwa.

Na nikiwa kwetu Kitengela nimesimama mbele ya tanuri la kioo, katika karakana zilizoanzishwa na msanii Nani Croze ukingoni mwa Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, ambako vioo vikuukuu huyeyushwa na kupulizwa viwe bilauri na vyombo vipya. Pale nilitafuta kidato cha ngazi yangu, nisikione. Kioo hakina digrii moja ya kuyeyuka kama barafu. Chembe zake hazikupangwa kwa safu, bali zilishikwa ovyo, kama kundi lililosinzia njiani. Kwa hiyo joto huzilegeza kidogo kidogo, na kioo huwa kigumu, kisha laini, kisha kama asali, bila ya kituo. Zamani ningelificha jambo hilo kwa sababu linaiharibu kanuni yangu. Sasa nililiandika katika daftari kwa furaha.

Mwanafunzi msomaji, huenda leo unasoma kwa bidii na alama zako hazisogei. Umeongeza saa za kusoma, na kipimo kimesimama pale pale. Usiseme upesi kuwa moto umezimika, wala usiandike tarakimu za uongo ili mstari wako upendeze. Tazama kwanza kama taa inawaka. Ikiwa inawaka, huenda ndani yako zizi linafunguliwa. Lakini ukumbuke pia upande wa pili, maana joto halichagui: haraka, hila na uzembe tunaoutia katika kazi kwa siri nao hukaa ndani, hungoja, na mara nyingi mkono unaoungua si wetu.

Mama bado yuko hai, ingawa kibanda amekiacha. Ngozi ya mkono wake wa kulia ina doa jeupe lenye umbo la jani, tangu kiganja mpaka karibu na kiwiko. Akipika hukiinua kifuniko kwanza kwa upande ulio mbali naye, mvuke ukatoka ukaenda zake ukutani, ndipo akakiondoa. Wajukuu wamemwuliza kwa nini hufanya hivyo. Huwaambia wakae, kisha huanza kuwasimulia habari ya ng'ombe.